Neno Alilosema Kato Juu ya Kamba

Koo langu limekataa kazi. Daktari alinimulika mdomoni kwa tochi yake ndogo, akatikisa kichwa, akasema, "Mzee, hapa umepiga kelele ya watu watatu." Nikamwambia ni ya wawili tu, wa tatu alikuwa refa na refa wetu alikuwa mtu mnyamavu. Hakucheka. Akaniandikia dawa, akanikataza maikrofoni. Ndivyo nilivyostaafu, bila keki wala hotuba.

Basi nawaandikia ninyi mnaoanza, mnaochambua mieleka kwa simu mkiwa mmelala kitandani. Sina wivu. Nawasikiliza na wengine wenu mnajua kazi. Ila naona mnamtazama sana anayeruka na kumsahau aliyelala chini, na hilo nitalisema hapa mara moja nisilirudie. Pia kuna pambano moja ambalo watu wa Busia na Malaba mpaka leo wanalieleza vibaya, hata mbele yangu, hata wakijua nilikuwa nimekaa pale chini ya kamba. Hilo ndilo limenifanya nishike kalamu. Mengine ni ya kuwasindikiza tu.

Nilianzia Malaba, upande wetu wa Kenya, karibu na foleni ya malori. Wakati ule dereva aliweza kusubiri karatasi za forodha mpaka ndevu zimjae. Mzee Swaleh, aliyekuwa na duka la vipuri Busia mjini, aliwaona watu wote wale wamekaa bure. Akajenga kibanda cha mabati, akaweka televisheni na deki, akawa anaonyesha kanda za mieleka ya ng'ambo. Picha zilieleweka. Maneno ndiyo hayakueleweka, maana wale watangazaji wa Kizungu walikuwa wakiongea kana kwamba wanafukuzwa. Mimi nilikuwa nimetoka shule, Kiingereza kidogo mdomoni, kazi sina. Akanipa stuli na maikrofoni iliyovishwa soksi ya mtoto.

Siku ya kwanza nilitangaza kila kitu. Sasa anamshika mkono. Sasa anamtupa. Sasa ameanguka. Dereva mmoja Msomali aliyekuwa mbele kabisa aligeuka akaniambia, "Wewe kijana, mwenye macho haambiwi tazama. Kwani mimi kipofu?" Kibanda kizima kikacheka. Nikatamani ardhi inimeze.

Mzee Swaleh alinisubiri mpaka watu wakatoka. Hakunigombeza. Alinimiminia chai ya tangawizi, akaniambia, "Kijana wangu, kuanguka wamekuona wewe mwenyewe ukianguka leo. Waambie kwa nini. Huyu anamchukia yule kwa sababu gani? Alimkosea lini? Na pambano likiisha ndipo kazi yako inapoanza, uwaeleze walichokiona." Nimefanya kazi na watu waliosomea utangazaji kwenye vyuo vikubwa, na sijasikia somo la kulipita lile. Chai ile pia ilikuwa nzuri.

Tukaenda hivyo miaka. Kisha simu za mkononi zikaingia na kila dereva akawa na kibanda chake mfukoni. Mzee Swaleh akakuna ndevu. Akasema vijana wenye vifua wamejaa kwenye stegi ya boda boda, kwa nini tunawalipia Wazungu? Ndipo tukaanzisha mieleka yetu wenyewe, Jumamosi mchana, mwezi mara mbili, mara Malaba mara Busia. Ulingo tuliuunda wenyewe. Chini tulipanga matairi makuukuu ya malori, juu yake mbao za mkaratusi, juu yake magodoro, halafu turubai la trela la kufunikia mahindi. Kamba zilikuwa za kufungia mizigo, tukazivisha tyubu za magurudumu zisichune ngozi. Ukikanyaga mbao ya pembeni ulingo ulilia kama mlango wa ghala. Kwa sauti ya mbao peke yake niliweza kujua nani ameanguka vizuri na nani ameanguka vibaya.

Jumatatu nilikuwa na nusu saa kwenye redio moja ndogo ya hapa mpakani, kuchambua mapambano ya Jumamosi. Nani alionewa, refa alifumba macho wapi, nani atakiona cha mtema kuni wiki mbili zijazo. Watu walipiga simu wakitukana kabisa. Mama mmoja wa Nambale alikuwa akimlaani refa kwa majina ya babu zake.

Mtaniuliza: watazamaji walijua kwamba tunapanga? Walijua na hawakujua. Ukifika kwa mtu saa ya chakula atakwambia karibu tule, nawe utasema nimeshiba, na wote wawili mnajua sufuria ina nini na tumbo lina nini. Hakuna anayemwita mwenzake mwongo. Mieleka yetu ilikuwa hivyo. Sisi tulipanga nani atashinda na wao hawakutuuliza. Kosa pekee lilikuwa kulitaja. Mzee Swaleh hakutuapisha kwa kitabu, alisema tu, "Atakayesema tunapanga amefunga ukumbi," na ilitosha.

Kwa lugha yetu ya kazi kulikuwa na Mzuri na Mbaya. Mzuri wetu alikuwa Wandera, mtoto wa Nambale, aliyekuwa akipanda ulingoni kwa jina la Radi. Kijana mrefu, meno yote nje, akiingia akina mama wanapiga vigelegele. Mbaya wetu alikuwa Kato, kutoka upande wa Uganda. Tulimwita Jiwe la Tororo, ingawa kwao hasa ni mbali zaidi, huko wanakoongea Kiganda toka tumboni. Kato alikuwa na kipaji adimu. Aliweza kuingia ukumbini, asiseme kitu, amtazame mtoto mmoja tu, na watu mia wakataka kumpiga.

Nyuma ya pazia hapakuwa na mtu mpole kumshinda. Yeye na Wandera walikuwa wakila sahani moja, chapati na maharagwe, wakigombea ile ya mwisho. Wandera alimwita pacha, kwa kuwa jina Kato kwao hupewa pacha. Lakini nje ya mlango hawakusalimiana. Mbaya hanywi chai na Mzuri hadharani, hiyo ilikuwa sheria ya Mzee Swaleh. Kato akipita stegi ya boda watu walimzomea, naye anawakunjia uso, halafu akifika nyuma ya ukumbi anacheka mpaka machozi. "Banange, leo wamenichukia vizuri!" Kwa hiyo urafiki wao haukuwa na shahidi isipokuwa sisi wachache. Hilo lilikuja kutugharimu.

Sasa lile la kumtazama aliyelala chini. Mtu akipanda kamba ya juu aruke, macho yote yanamfuata. Msidanganyike. Anayefanya kazi ni aliyelala. Ndiye anayeyajua magodoro, ndiye anayekaza tumbo, ndiye anayetoa mikono ampokee mwenzake bila watu kuona. Anayeruka akishaondoka kwenye kamba hana breki tena. Ndiyo maana tulikuwa na neno. Anayeruka anasema "Sasa!" na aliyelala akilisikia anaganda kabisa, hata nzi akitua usoni. Walilifanyia mazoezi neno hilo mpaka Wandera akawa anaamkuliwa "Sasa?" na rafiki zake mtaani, naye anajibu kwa kujitupa chini.

Jumamosi ya pambano lile tulikuwa Malaba. Wiki mbili kabla, Kato alikuwa amepewa maikrofoni atishe watu, akasema, "Wandera, nitakuvunja shingo, mama yako akuokote na kikapu cha omena!" Ukumbi ulilia kwa hasira na raha. Jumatatu niliyarudia redioni kwa kuwa yalikuwa matamu. Maneno yale yalitungwa na Wandera mwenyewe, mdomo ukiwa na chapati. Mama yake alikuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Sio Port, sokoni Nambale na mara nyingine pale mpakani, na Wandera alitaka kumtania.

Pambano lilikuwa zuri, nawaambia kweli. Kulikuwa na joto, turubai limelowa jasho. Wandera akaangushwa karibu na kamba, kama ilivyopangwa. Kato akapanda juu. Nikaona anavyohema, mguu wake ukateleza kwenye tyubu, akajishika, akayumba, na kwa kuona anaanguka, akapiga kelele. Hakusema "Sasa." Mtu akishtuka ulimi wake hukimbilia kwa mama yake. Alisema, "Kati!"

Kwa Kiganda, kati ni sasa. Neno ni hilohilo alilotakiwa kusema. Lakini Wandera alikuwa Mluhya wa Nambale anayeongea Kiswahili, na kwake kati ni katikati. Nilimwona akigeuza macho kwenye kamba iliyo karibu naye. Akadhani mwenzake anamwonya yuko pembeni mno. Akajisukuma kwa visigino, haraka, kwa utiifu, aende katikati ya ulingo. Mimi nilikuwa nimemtazama yeye, si Kato. Nilielewa Kato akiwa bado hewani, na hakuna neno katika lugha yoyote ninayoijua ambalo lingewahi.

Goti lilimkuta shingoni badala ya kupita juu ya bega. Mbao hazikulia kama nilivyozizoea.

Ukumbi ulishangilia. Refa akainama, halafu akaunyoosha mgongo na kuivusha mikono yake juu ya kichwa, mmoja juu ya mwingine, ishara yetu ya kusema hili ni la kweli. Niliweka maikrofoni chini. Tuling'oa mlango wa chumba cha kubadilishia nguo tukambeba Wandera juu yake. Kato alishika upande wa miguu huku akilia, na watu walipomwona ameshika walidhani anamkebehi maiti mtarajiwa. Walimrushia chupa. Moja ilimpasua juu ya jicho, hakuuachilia mlango.

Wandera aliongea siku ile na ya pili yake. Miguu na mikono haikuwa yake tena. Nilipoingia wodini alitabasamu kwa yale meno yake, akaninong'oneza, "Boss, mwambie pacha mimi nilisikia kati. Mwambie ni mimi nilisonga." Nikamwambia utamwambia mwenyewe. Hakumwambia. Tulimzika nyumbani kwao, nje kidogo ya Nambale, na mvua ilinyesha tangu asubuhi.

Kato hakuja mazishini kwa sababu asingetoka hai. Vijana wa boda boda walikuwa wameshasema waziwazi, "Akivuka tu, tunamaliza yeye." Na ushahidi walikuwa nao, si alitangaza mwenyewe mbele ya ukumbi mzima kwamba atamvunja shingo? Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Hata hapo alipokuwa akikaa upande wa pili, Busia ile ya Uganda, kulikuwa na jamaa zetu wa kutosha waliojua anapolala. Mkewe alianza kumficha.

Siku chache baada ya matanga Mama Wandera aliniita. Alikuwa amekaa kwenye mkeka wa mafunjo, leso kichwani, miguu ameinyoosha. Hakunikaribisha chai, nikajua ni mazito.

"Baba Nekesa," akasema, akiniita kwa jina la binti yangu kama kawaida yake, "wewe ulikuwa karibu. Nimeambiwa yule Mganda ameua mtoto wangu makusudi. Niambie usinifiche. Ameua?"

Nikamwambia hapana. Nikamweleza yote, kupanga, neno, mguu ulioteleza. Aliposikia kwamba mapambano tunayapanga hakushtuka, alipunga mkono tu kama anayefukuza kuku. Alichotaka ni neno.

"Alisema nini? Sema vile alisema."

"Kati."

"Si ni katikati?"

"Kwetu sisi, ndiyo. Kwao ni sasa."

Kisha akaanza kutikisa kichwa polepole. "Woi! Wale Waganda wakija kwangu kununua omena wananiuliza, 'Kati mmeka, nnyabo?' Miaka yote, Baba Nekesa. Kumbe ni 'sasa ni pesa ngapi, mama?' Mimi nilidhani wanataka lile fungu la katikati, kubwa si kubwa, dogo si dogo. Nilikuwa nawapatia hilo tu. Na wao wanachukua, wananiangalia." Akajifunika uso na leso. "Mtoto amerithi sikio langu."

Nililia pale mkekani, mtu mzima na mvi zangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mimi sikuwa na haki ya kulia kumpita yeye, lakini nililia.

Alipomaliza kujifuta akasema, "Basi huyo kijana asichomwe. Wangu amekwenda. Nikizika na wa mwenzangu nitapata nini?"

Nilikwenda kwa Mzee Swaleh. Nilidhani atakataa, maana nilikuwa nataka kusema lile lisilosemwa. Alizitembeza shanga za tasbihi vidoleni. "Ukisema tunapanga, ukumbi umefungwa," akasema. "Sema. Mtoto wa watu akichomwa, ukumbi wenyewe utakuwa wa nini?"

Jumatatu nilisema. Kwa nusu saa nzima nilieleza kila kitu hewani, neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikuongeza chumvi. Halafu nikafungua simu.

Wa kwanza alisema nimenunuliwa na Waganda. Wa pili akauliza kwa dharau, "Mzee, huyo jamaa ametembea Kenya miaka yote hiyo, hajui kusema sasa?" Wa tatu ndiye aliyenimaliza. Kijana mchangamfu, nyuma yake nasikia pikipiki zinanguruma. "Boss, hiyo stori ni moto! Kwa hivyo Jiwe anarudi lini? Tunamngoja na petroli!" Akacheka. Wakacheka na wenzake. Nikaelewa. Kila Jumatatu nilikuwa nimewasimulia visa vya kulipiza kisasi, wakavipokea vyote. Sasa nimewaletea kweli, imevaa sauti ileile na saa ileile, wataijuaje?

Mama Wandera alikuwa amesikiliza. Alinipigia mwenyewe. "Wewe hawakuamini. Mimi ndiye mwenye maiti. Nani atanibishia?"

Tukapanga Jumamosi ya kumkumbuka Wandera, katika ukumbi wa Busia. Kato tulimwingiza mapema kabla watu hawajafika, amejifunika kofia, akakaa nyuma ya pazia bila kula. Chapati zilikuwepo, hakuna aliyezigusa. Mimi nilikuwa mahali pangu, chini ya kamba, na jicho langu mlangoni kulikokuwa na wale vijana wa boda. Walikuja wengi. Walisimama, hawakuketi.

Mama Wandera alipanda ulingoni kwa ngazi ya mbao, Mzee Swaleh akimshika mkono. Alikuwa na rinda lake la kanisani na viatu vya plastiki. Akachukua maikrofoni kwa mikono miwili. Ukumbi ukatulia.

"Mimi ni mama yake Wandera," alisema. "Mtoto wangu nimezika. Huyu kijana Kato hakumuua. Walikuwa marafiki. Ilikuwa neno tu, neno moja, wakakosana kusikia. Nawaomba, kama mlipenda mtoto wangu, msiguse huyu." Akageuka kwenye pazia. "Kato, kuja mwanangu."

Kato akatoka. Kovu la chupa bado bichi juu ya jicho. Akapita kati ya watu kichwa chini, akapanda, akasimama mbele ya yule mama. Yule mama akamshika mkono na kilio kikamtoka, kilio cha kweli, kile cha kutoka tumboni ambacho ukikisikia nyumba ya jirani unaacha chakula.

Kisha mtu akapiga mluzi. Kisha makofi. Yalianzia nyuma yakaja mbele kama mvua ikija juu ya mabati, na watu wakasimama. "Mama! Mama! Mama!" Nikasikia mwanamume mmoja karibu yangu akimwambia mwenzake, "Huyu mama wamemtoa wapi? Anajua kulia!" Kijana mmoja akapanda mpaka kwenye kamba akamchomekea noti kwenye kitambaa cha kichwa, kama anavyotuzwa mwimbaji arusini. Yule mama hakuielewa, akaishika, akaitazama, ikamponyoka.

Ndipo wale wa mlangoni wakaanza. "Mama, mpige! Mama, mpige!" Wakasogea mbele wakipiga makofi kwa mapigo, na ukumbi wote ukadaka. Hawakuwa wakicheka hao. Niliziona nyuso zao.

Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia, kama kawaida yangu. Kato alikuwa Mbaya wetu miaka mingi, aliujua ukumbi kuliko alivyojijua mwenyewe. Alipiga magoti. Watu walidhani anaomba msamaha, na kweli alisema "Maama, nsonyiwa," unisamehe. Lakini akaongeza kwa Kiswahili, taratibu, asikosee neno hata moja, "Mama, nipige. Nipige kofi. Wakiona wewe umenipiga, wataniacha."

Yule mama alimtazama. Akanitazama mimi. Nilikuwa na maikrofoni mkononi, nikaishusha. Alikuwa amekuja kuwaambia watu kijana huyu hana kosa, na sasa njia pekee ya kumwokoa ilikuwa kumwadhibu kama mwenye kosa.

Akainua mkono akampiga.

Sijawahi kusikia ukumbi ukilipuka hivyo, si kabla wala baada. Walirukaruka, walikumbatiana, vigelegele vilipaa, boda boda walitupa helmeti juu. Kato alianguka kifudifudi, akabaki hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoinuka kutoka, wale vijana wa mlangoni wakampisha njia. Mmoja akampiga begani, "Umelipa, Jiwe. Imeisha." Na kweli iliisha. Tangu siku ile Kato aliweza kuvuka mpaka mchana kweupe na hakuna aliyemgusa. Hakupanda ulingoni tena. Nasikia anafanya vibarua vya kupakua mizigo upande wa kwao, na watu humwonyesha kidole wakisema ndiye aliyemuua Radi akapigwa na mama mtu.

Ndivyo wanavyolieleza hata leo, pambano bora kuliko yote tuliyowahi kuyaonyesha. Sasa mmesikia lilivyokuwa.

Nilimkuta Mama Wandera nyuma ya ukumbi, penye bomba la maji. Ndani walikuwa bado wanaimba. Alikuwa ameketi kwenye tairi, mkono wa kulia ameushika kwa wa kushoto, kiganja kimemwiva chekundu. Nikamwambia, "Mama Wandera, umemwokoa. Hawatamgusa tena."

Alikuwa anaangalia kiganja.

"Ninyi mna kofi lenu, Baba Nekesa," akasema. "Lile halina maumivu, la kusikika tu. Wandera amepigwa nalo miaka yote na anarudi nyumbani anacheka. Mimi nimempiga yule mtoto la kweli. Mbona hukunifundisha?"